Mkono wa kulia haufiki mdomoni: mi na baridi yabisi ya kiwiko

Siku niliyojua hili jambo sio la mchezo ilikua kwenye hitma kwa jirani. Tumekaa watu watano kwenye sinia moja la pilau, nimefinyanga tonge langu vizuri nalipeleka mdomoni, mkono ukagoma njiani. Yaani umefika kama kiganja kimoja kabla ya mdomo ukasimama hapo hapo, ukilazimisha unasikia kama kuna kokoto imekaa kwenye kiungo. Ikabidi mi ndo niufuate mkono, nikainamisha shingo kama bata anakunywa maji, mzee mmoja pale kwenye sinia akaniuliza kwa sauti ya chini, "Vipi fundi, unanusa kwanza?" Watu wakacheka na mi nikacheka, ila moyoni nimeumia, manake kula kwa kushoto siwezi, nimelelewa nyumba ambayo mtoto akishika chakula kwa kushoto anachapwa kile kile kiganja, sasa nina miaka 53 nianze leo?

Mi ni fundi seremala, niko Keko hapa Dar toka 1994, vitanda, makabati, meza, milango ya mninga. Mkono wa kulia ndo duka langu, ndo ada za watoto, ndo kila kitu. Naandika haya kwa sababu watu wengi wananiuliza ulipona vipi, na jibu la kweli ni kwamba sijapona, ila naishi nao vizuri kuliko nilivyokua naishi miaka miwili iliyopita, na njia niliyopitia imenigharimu ujinga mwingi ambao mwingine anaweza kuukwepa.

Chanzo chake ni zamani. Mwaka 2008 tulikua tunashusha mbao kwenye Fuso, nikateleza nikaanguka na mkono wa kulia umetangulia mbele kujikinga. Kiwiko kilivimba kama papai. Hospitali kupiga picha sikwenda, nikapelekwa kwa mzee mmoja anaeunga mifupa, akauvuta, akaufunga na vijiti na kitambaa, akasema usiguswe wiki sita. Wiki sita kweli maumivu yakaisha ila mkono haukunyooka tena wote, ulibaki umekunja kidogo hivi kama mtu amebeba ndoo ambayo haipo. Nikasema alhamdulillahi, kazi inafanyika, nani anahitaji mkono ulionyooka kama rula. Nikaendelea kupiga randa na nyundo miaka kumi na nne mingine juu ya kiwiko hicho hicho.

Mwishoni mwa 2022 ndo vikaanza. Mwanzo maumivu yanakuja mwisho wa safari tu, yaani ukinyoosha mpaka mwisho au ukikunja mpaka mwisho, katikati hapa shwari. Kwa hiyo unajidanganya, unafanya kazi katikati. Afu ukaja mlio, kra kra kama mlango wa choo cha zamani. Afu siku moja napiga randa mkono ukajifunga, haukunji haunyooki, nikasimama pale na randa mkononi kama sanamu mpaka nikautikisa tikisa ukaachia. Dogo wangu wa karakana akadhani nafanya masihara.

Nyumbani kila mtu akasema baridi yabisi. Shemeji akasema ni baridi imeingia kwenye mifupa, acha kuoga maji ya baridi, mama mkwe akasema ni feni. Na jina lenyewe linasaidia kudanganya watu bana, likishaitwa baridi basi unatafuta sweta. Mi sweta nilivaa, Dar hii, mwezi wa pili. Baadae nilivyoelimishwa nikaona neno lenye ukweli kwenye hilo jina ni la pili, yabisi, kukauka na kukakamaa. Hali ya hewa inaweza ikamfanya mtu asikie maumivu zaidi, hata mi siku za mvua nasikia, ila sio feni iliyonila kiwiko, ni ile Fuso na ile nyundo.

Basi nikaingia kwenye kipindi cha ujinga, karibu mwaka mzima. Ujinga wa kwanza ni vidonge. Nilikua nanunua diklofenaki duka la dawa kama mtu anaenunua pipi, asubuhi kimoja jioni kimoja, siku za kazi nyingi natupia na cha tatu, miezi na miezi, na bila kula wakati mwingine. Vinafanya kazi kweli, sikatai, ndo hatari yake hiyo, unapiga nyundo siku nzima kiwiko kinalia huko ndani wewe husikii. Tumbo likaanza kuwaka moto, nikawa naamka usiku kunywa maziwa. Nilipokuja kupimwa presha ipo juu na daktari akanifokea kabisa, akasema dawa za aina hii ukizila hivi zinachimba tumbo, zinapandisha presha na zinachosha figo, we mzee ulikua unalinda mkono unaua mwili.

Ujinga wa pili ni kuchuliwa. Kuna jamaa nilielekezwa, anachua vizuri ana mafuta ya nyonyo na karafuu, harufu yenyewe tu unasikia umepona. Siku ya kwanza na ya pili alikua anachua nyama za mkono taratibu, nikapata nafuu kweli. Siku ya tatu akasema huu mkono umeganda leo tunaugandua, akanikalisha chini, akakanyaga bega kwa goti, akauvuta kwa nguvu zake zote unyooke. Niliona nyota mchana. Usiku ule kiwiko kikavimba, kikawa cha moto, wiki mbili sikushika hata kikombe cha chai. Dada wa mazoezi baadae aliniambia kiwiko ni kiungo chenye hasira kuliko vyote anavyovijua, goti unaweza ukalibembeleza kwa nguvu kidogo likakusamehe, kiwiko ukikilazimisha kinajibu kwa kuvimba na kukaza zaidi, na kwa mtu alieumia karibuni kinaweza hata kuotesha mfupa ndani ya nyama mahali ambapo mfupa haukutakiwa uwepo. Kwa hiyo mtu akikwambia njoo nikunyooshe mara moja umalize, mkimbie.

Baada ya lile sinia la pilau ndo nikaenda hospitali. Daktari wa mifupa akaandika picha na vipimo vya damu. Vya damu alitaka kujua kama ni gauti au ile baridi yabisi inayotokana na kinga ya mwili kushambulia viungo, manake matibabu yake ni mengine kabisa, huwezi kuitibu kwa mazoezi peke yake ukategemea ikae sawa. Akaniuliza swali ambalo sikulitegemea, asubuhi ukiamka kule kukakamaa kunachukua muda gani kuachia? Nikasema kama dakika kumi hivi nikishapiga mswaki umeachia. Kuna viungo vingine vimevimba, vidole, viganja, mkono wa kushoto? Hapana. Akasema hizo ni dalili za kiungo kilichochakaa, ile nyingine kukakamaa kwa asubuhi mara nyingi kunakaa saa nzima na zaidi na inapenda kushika pande zote mbili. Damu ikarudi safi.

Picha alinionyesha kwenye mwanga. Nafasi kati ya mifupa imebana, pembeni kumechomoza vimifupa kama miiba, ndo vinavyogonga mwisho wa kukunja na mwisho wa kunyoosha, na kuna kipande kidogo kinaelea ndani, hicho ndo kilinifungia mkono siku ile ya randa. Nikamuuliza si mnaweka viungo vya bandia siku hizi? Akasema vipo, ila mtu akiwekewa kiwiko cha bandia anaambiwa asinyanyue zaidi ya kilo chache maisha yake yote yaliyobaki, wewe utanyanyua mlango wa mninga na nini? Upasuaji wa kusafisha vile vimiba na kutoa kipande upo pia, tutaufikiria kama mkono utaanza kujifunga mara kwa mara. Kwa sasa nenda kwa watu wa mazoezi tiba. Alinichoma sindano moja ya kutuliza ndani ya kiungo, akanionya hii sio ya kurudia rudia, nakupa nafasi ya miezi michache maumivu yapungue ufanye mazoezi, usiitumie hiyo nafasi kwenda kupiga nyundo. Dawa akanibadilishia, mafuta ya diklofenaki ya kupaka juu, na Panadol siku zikiwa mbaya. Nikashangaa kumbe kiwiko kiko juu juu tu chini ya ngozi, dawa ya kupaka inakifikia bila kuzunguka tumboni.

Chumba cha mazoezi nilikuta binti mdogo, umri wa mwanangu wa kwanza. "Shikamoo baba." Marahaba. Nikaanza mi kumfundisha kazi, nikamwambia binti yangu mi ni fundi, najua bawaba, hiki kiwiko ni bawaba iliyoota kutu, kinataka oili tu, hamna sindano ya oili? Akacheka akasema baba oili unayo humo humo ndani. Akanieleza kitu ambacho kilinibadilisha kichwa: lile gegedu linalofunika ncha za mifupa halina mishipa ya damu, chakula chake linapata kwenye ule uteute wa kiungo, na uteute unafika kila mahali pale unapousogeza mkono. Ukiufunga mkono kwa kuogopa maumivu unalinyima chakula, ukiupiga kazi nzito unalisaga. Kwa hiyo tunachotafuta ni kusogea kwingi bila mzigo mkubwa. Na bawaba yako ya mlango baba inakunja na kunyoosha tu, hapa kwenye kiwiko mifupa mitatu inakutana hapa na mmoja wao unageuka, ndo unavyoweza kugeuza kiganja kiangalie juu ukapokea chenji.

Akachukua kile kipimo chao cha plastiki chenye miguu miwili, akapima. Kunyoosha nimepungukiwa nyuzi 40, kukunja naishia 105. Akasema shughuli nyingi za nyumbani, kula, kufunga vifungo, kujisafisha, zinataka kiwiko kitembee kati ya nyuzi 30 na 130, sasa wewe upande wa kukunja ndo pilau limekukosa. Hatutafuti mkono wa kijana wa jeshi, tunatafuta pilau. Hapo nilimpenda yule binti.

Kikao kimoja elfu kumi na tano, na alitaka mara mbili kwa wiki. Nikapiga hesabu na nauli na siku za kazi zinazopotea, nikamwambia ukweli, mama, siwezi. Hakukasirika. Akasema basi tufanye vikao vinne nikufundishe kila kitu mpaka nione unafanya sawa, afu uje kila baada ya wiki mbili nikupime, kazi yenyewe asilimia kubwa ni ya nyumbani hata hivyo. Kama hela ndo inakuzuia we sema, usipotee kimya kimya, hawa watu wana njia.

Sasa nyumbani. Asubuhi kabla ya kitu chochote ni joto. Mke wangu anaweka chumvi ya mawe kwenye kikaango mpaka ipate moto, anaifunga kwenye kipande cha kanga nene, anajaribu kwanza kwenye mkono wake yeye, afu nakanda kiwiko dakika kumi na tano. Chumvi inashika joto muda mrefu kuliko kitambaa cha maji. Ila angalieni jamani, siku moja nilijifunga mwenyewe nikiwa na haraka bila kujaribu nikapata lengelenge, na mwenye kisukari ambae ngozi haisikii vizuri asithubutu. Joto ni la kukakamaa. Siku kiwiko kimevimba kina moto wake chenyewe hauongezi moto, unaweka barafu iliyozungushiwa kitambaa, dakika kumi basi. Barafu natumia zile za ukwaju anazouza jirani, ziko ndefu zinazunguka kiwiko vizuri kabisa, tatizo mjukuu anasimama pembeni anasubiri nimalize ale.

Kikishapata joto nakaa mezani, naweka kitambaa chini ya kiganja, nasukuma mkono mbele na kuurudisha kama mtu anaepiga msasa bila kukandamiza. Mara ishirini, thelathini, sihesabu sana. Hilo ndo zoezi la oili.

Afu kunyoosha. Hili nilidhani ndo litauma kumbe ndo la uvivu kuliko yote. Nalala chali, taulo limekunjwa chini ya mkono wa juu, kiganja kinaangalia dari, kiwiko kinaning'inia kidogo kwenye ukingo wa taulo, afu basi, naacha. Uzito wa mkono wenyewe unanyoosha. Dakika kumi nasikiliza redio. Baada ya mwezi akaniruhusu kushika chupa ya maji ya nusu lita. Yaani yule jamaa alitumia goti na nguvu zote akaharibu, na huyu binti anatumia nusu lita ya maji na redio mkono unasogea. Nyama na mishipa iliyokaza miaka kumi na tano haikubali kuvutwa ghafla, ila mvuto mdogo wa muda mrefu inaukubali.

Kukunja nausaidia na mkono wa kushoto, naupeleka mpaka pale unapoanza kukataa, nasimama hapo nahesabu mpaka kumi na tano, naachia, mara tano. Kusimama pale unapokataa sio kupita pale.

La kugeuza kiganja nilicheka nilivyoonyeshwa, manake kifaa chake ni nyundo. Kiwiko unakibana kwenye mbavu, umekikunja kama herufi L, unashika nyundo imesimama, unailaza polepole upande huu unairudisha, unailaza upande wa pili. Mwanzo unashika karibu na kichwa chake inakua nyepesi, ukizoea unashuka kwenye mpini inakua nzito. Nyundo ile ile. Miaka thelathini nimeishika sijawahi kuisikia nzito kama siku ile.

Za nguvu zilikuja baadae, kama wiki ya sita, kwa mpira wa tyubu ya baiskeli niliofunga kwenye nondo ya dirisha, kuvuta na kusukuma, na bega pia, kwa sababu aliniambia bega na mkono wa chini vikiwa dhaifu kiwiko kinabeba madeni ya wote.

Kanuni ya maumivu alinipa hivi: kutoka sifuri mpaka kumi, kwenye zoezi ruhusa mpaka tatu, nne ukomo, na hukumu yake inatoka kesho asubuhi. Kama kesho umeamka mkono uko kama jana, jana ulifanya sawa. Kama umeamka umevimba au unauma zaidi, jana ulizidisha, leo punguza nusu, sio uache kabisa. Hii kanuni niliivunja wiki ya pili tu. Niliona mkono umesogea nikajiambia kama mara mbili kwa siku inaleta hivi, mara sita je? Mafundi ndo tulivyo, tunalipwa kwa kazi iliyoisha. Siku ya tatu kiwiko kama cha yule jamaa wa karafuu. Nilimpigia binti kwa aibu, akaniuliza, "Baba, gundi ukipaka mara sita inakauka mara sita haraka?" Sikua na jibu.

Kuna hili la vidole lazima niliseme manake wengi wanalo na hawajui linatoka wapi. Nilikua naamka usiku kidole kidogo na cha pete vimekufa ganzi, vinachoma choma. Nikadhani moyo, nikadhani kisukari, nikaogopa kumwambia mtu. Kumbe kuna mshipa wa fahamu unapita nyuma ya kiwiko upande wa ndani, ule ule ukigonga kwenye meza unasikia shoti mpaka kidoleni, na kiwiko kikiota vimiba na kuvimba unabanwa, na ukilala umekunja mkono chini ya shavu kama mi nnavyolala unavutika usiku kucha. Dawa yake ilikua taulo dogo nimezungusha kwenye kiwiko nikafunga na bandeji ya kuvutika, sio kukaza, iwe tu mkono haukunji sana usingizini. Mke wangu alisema nimekua kama muhogo uliofungwa kwenye jani. Wiki tatu ganzi ikapungua sana. Mchana nikaacha kuegemea kiwiko kwenye benchi, na simu naweka spika. Binti wa mazoezi alinionya lakini, ganzi ikianza kukaa muda wote au mkono ukaanza kuangusha vitu rudi haraka usisubiri tarehe, na vile vile siku kiwiko kikivimba chekundu cha moto na ukapata homa, hiyo sio ya kukanda, hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa nikiulizwa kipi kilikua kigumu kuliko vyote sitataja zoezi hata moja. Kigumu ilikua karakana. Mwezi wa kwanza nilikua nafanya mazoezi asubuhi kwa adabu zote, saa mbili naenda kupiga randa ya mkono mpaka saa kumi, afu namlaumu binti kwamba dawa yake haifanyi kazi. Akaniambia nimsimulie siku yangu nzima, nani anafanya nini, nanyanyua nini, nikamaliza akanyamaza kidogo akasema baba unajaza ndoo kwa kikombe na unaitoboa kwa patasi.

Nikabadilisha, taratibu na kwa kununa. Misumari mingi nikahamia skrubu na drili ya chaji. Randa kubwa akapewa dogo, mi nabaki na kupima, kukata, kuunganisha na fenicha za kumalizia. Mipini ya patasi na msumeno nikaizungushia tyubu iwe minene, manake ukishika kitu chembamba unakaza mkono wote mpaka kiwikoni. Mbao ndefu watu wawili, hamna ushujaa. Kazi naileta karibu na tumbo, sio kunyoosha mkono mbali huku umebeba uzito. Na kila nusu saa naacha, nanyoosha nakunja mara kumi, narudi.

Inasikika rahisi hapa. Ila fikiria mteja amekuja anamkuta fundi mkuu amesimama na penseli dogo ndo anatoka jasho, anauliza, "Kitanda changu anatengeneza nani, wewe au huyu mtoto?" Kuna mmoja alichukua hela yake akaenda karakana ya pili. Mapato yalishuka ile miezi mitatu ya mwanzo, siwezi kudanganya, na dogo ilibidi nimuongeze mshahara kwa sababu kazi imekua yake. Nyumbani nilikua mkali bila sababu. Mtu akizungumzia kiwiko azungumzie na hili, fundi asiepiga randa anajiona kama mgeni kwenye karakana yake mwenyewe, na hakuna chumvi ya mawe ya kukanda hapo. Kilichonisaidia ni dogo mwenyewe, siku moja ananiuliza mzee mbona ule mlango wa juzi umefunga vizuri hivi haujawahi kufunga hivi, nikaangalia nikaona kweli, nilikua nimepata muda wa kupima mara mbili.

Mwaka jana nilikwenda Tanga msibani, siku kumi na mbili, nikaacha kila kitu. Nilivyorudi mkono umekaza, karibu nyuzi zote nilizookoa zimepotea, asubuhi ya kwanza kikombe cha chai kimenishinda. Nikapata hofu kwamba nimeanza upya, ila haikua hivyo, wiki mbili na nusu ukarudi pale pale. Sasa nikisafiri taulo na tyubu vinakaa kwenye begi na shuka.

Kuhusu kupima. Mi siwezi kufanya kazi bila kipimo, na kusubiri wiki mbili niambiwe nimefika wapi ilikua inaniua. Nikachukua kipimapembe kwenye mkebe wa hesabu wa binti yangu wa kidato cha pili, nikakata vipande viwili vyembamba vya mninga, nikaviunganisha kwa skrubu ndogo na kile kipimapembe katikati, mguu mmoja unalala kwenye mkono wa juu mwingine kwenye mkono wa chini, mke wangu anasoma namba, nami naandika ukutani kwa penseli pale pale ninapoandika oda za wateja. Kwa hiyo ukuta wangu unasomeka "kabati milango 3, advansi 200" na chini yake "38, 108". Nilianza na 40 na 105. Mwezi wa pili 34 na 113. Mwezi wa nne 30 na 121. Kuanzia hapo imesimama, 29 siku nzuri, 32 siku ya mvua, kukunja imefika 124 haisogei tena, na binti ameniambia vile vimiba vinagonga hapo, mfupa haunyooshwi kwa taulo, tukifika hapo tunalinda. Tonge linafika. Kifungo cha shingo cha kanzu bado nafungiwa.

Mara ya mwisho nilikibeba kile kipimo changu nikamuonyesha. Akakigeuza geuza, akanipima na chake cha plastiki, akanipima na changu, tofauti nyuzi mbili. Mi nikasema chake ndo kimekosea. Akacheka akasema cha kwao kimelegea kweli kwenye skrubu, na wana kimoja tu chumba kizima, nitengeneze vitatu vya ukubwa tofauti, kimoja kidogo cha vidole. Viwili vimeisha, mninga tupu na msasa laini, cha vidole kinanisumbua kwa sababu skrubu ndogo kiasi hicho Kariakoo nimezunguka sijaipata. Dogo anasema nitumie ile ya fremu ya miwani. Kesho naenda kwa fundi miwani kuulizia.